Rolls-Royce ya milango ya duara: nani aliiagiza, na kwa nini bodi ya Hooper ilitupwa?

#1 KarakanaKuu
Wakuu, salaam.

Los Angeles, kwenye makumbusho ya magari ya Petersen, kuna gari ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Ni Rolls-Royce Phantom I ya mwaka 1925, chesisi namba 76TC. Bodi iliyo juu yake leo ni ya 1934, kazi ya karakana ya Jonckheere ya Beveren, karibu na mji wa Roeselare, Ubelgiji. Milango yake ni duara. Simaanishi pembe zilizolainishwa. Ni duara lenyewe, kubwa kiasi kwamba mlango mmoja unampeleka mtu kiti cha mbele na cha nyuma. Kioo kimegawanywa vipande viwili, maana kioo kizima cha duara hakina pa kushukia ndani ya mlango wa duara. Showi, yaani uso wa rejeta mbele ya gari, imelazwa nyuma, wakati Rolls-Royce za enzi ile zilisimamisha showi wima. Mgongoni kuna pezi linaloteremka mpaka nyuma kabisa. Urefu wote unakaribia mita 6.

Safari yake kwa ufupi. Lilianza na bodi ya kabrioleti, yaani ya paa la turubai, ya Hooper wa London. Inaelezwa kwamba aliyeliagiza ni Bi. Hugh Dillman wa Detroit lakini hakulipokea, likauzwa kwa Raja wa Nanpara, India. 1934 likafika kwa Jonckheere. 1936 likashinda Prix d'Honneur kwenye mashindano ya umaridadi wa magari ya Cannes, Ufaransa. Baada ya vita likaibukia Marekani likiwa hoi. Mfanyabiashara mmoja akalipaka dhahabu na kutoza watu kulitazama. Likaenda Japani. 2001 Petersen wakalinunua, wakalifanyia ukarabati mkubwa, likawa jeusi.

Sasa kiini cha uzi. Kumbukumbu za Jonckheere za wakati ule ziliteketea kwa moto. Hakuna karatasi inayosema nani aliagiza wala nani alichora. Mimi nasema hakukuwa na mteja. Karakana ilipata Phantom iliyopitwa na wakati, ikaiunda upya ili ijitangaze. Nipingeni kwa hoja.

#2 NduguBampa
Uzi bila picha haunogi. Tupia picha mkuu.

#3 MwanaGerezani
Nimezitafuta mwenyewe. Hilo gari ni hatari.

Kwa anayejiuliza gari linabadilishwaje bodi nzima: Rolls-Royce wa enzi hizo hawakuuza gari kamili. Waliuza chesisi, yaani fremu, injini, gia boksi, magurudumu na rejeta. Ukishalipa unaipeleka kwa waunda bodi unaowataka, iwe Hooper, Barker, Park Ward au Mulliner. Mabasi yetu mengi yamezaliwa hivyohivyo. Chesisi ya lori inatoka bandarini tupu, dereva kakalia kiti cha kubahatisha upepo unampiga kifuani, moja kwa moja hadi kwa waunda bodi. Nimekulia kwenye kazi hii. Bodi inachoka, chesisi bado inadai safari. Unaikata, unaunda nyingine. Kwa hiyo swali la kwa nini bodi ya Hooper ilitupwa halinisumbui. Miaka 9 ni mingi kwa mbao na bati, na mitindo ya 1925 ilikuwa imeshazeeka kufikia 1934.

Kinachonisumbua ni duara. Fundi mwenye akili timamu hajitafutii kazi ya namna ile bila sababu.

#4 MzeeWaReli
Marahaba kwa wote mtakaoniamkia.

Nyongeza kwa MwanaGerezani. Phantom II ilitoka 1929. Fremu yake ilikaa chini zaidi, kwa sababu springi za nyuma zilipita chini ya ekseli. Phantom I bado ilikuwa na springi za nyuma za kantiliva, kama Silver Ghost iliyoitangulia, na fremu ikakaa juu. Mtu anayetaka gari refu, la kulala chini, angeanza na Phantom II. Kuichukua Phantom I mwaka 1934 ni kujiongezea mzigo.

Hapo naona hoja ya KarakanaKuu ina miguu. Tajiri mwenye kuchagua asingechagua chesisi hiyo. Mtu aliyeipata kwa bei nafuu angeichukua kwa mikono miwili, maana injini yenyewe haikuwa na shida: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 7.7, na breki za magurudumu manne zenye servo (kifaa cha kuongeza nguvu ya breki) ya Hispano-Suiza iliyotumiwa kwa leseni.

#5 BintiSeremala
Shikamoo Mzee wa Reli.

Mimi naangalia mbao. Chini ya lile bati kulikuwa na fremu ya mbao, na kwa Waingereza ilikuwa kawaida kutumia ash, mti wa Ulaya wenye nyuzi ndefu unaokubali kupindwa. Mbao haifi katikati. Inafia kwenye maungio, maji yanapopenya kwenye tundu la skrubu na kukaa humo. Gari la kabrioleti, paa la turubai, limekaa India msimu kwa msimu wa mvua nzito na joto. Naamini bodi ya Hooper ilifika Ulaya ikiwa imelegea yote, milango imeshuka, ukifunga inagonga nguzo. Aliyekuwa nayo akaona kuitibu ni gharama sawa na kuunda upya.

#6 KarakanaKuu
BintiSeremala, bodi iliyooza inaeleza kwa nini iliundwa mpya. Haielezi kwa nini mpya ikawa hivi. Aliyeozewa bodi anaagiza nyingine ya kawaida anaendelea na maisha.

#7 Pwani254
Jamani si hii ndiyo gari ya yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke? Nilisoma mahali.

#8 MzeeWaReli
Marahaba Pwani, ijapokuwa hukuamkia.

Edward VIII alijiuzulu Desemba 1936. Hadithi ya kwamba gari lilikuwa lake ilienea Marekani, wakati linaonyeshwa kwa malipo. Anayetoza kiingilio anahitaji jina kubwa la kuita watu. Hakuna hati inayomfunga mfalme huyo na chesisi 76TC.

#9 Pwani254
Shikamoo Mzee, samahani. Ila lisemwalo lipo, kama halipo laja.

#10 NduguBampa
Hilo limeanza safari tangu 1936 na bado halijafika 😂

#11 DadaMahesabu
Wakuu, kuna kitu kwenye #1 hakikai sawa na nimeshangaa mmekipita.

Bi. Hugh Dillman ndiye Anna Dodge, mjane wa Horace Dodge wa kampuni ya magari ya Dodge. Horace alifariki 1920, mwaka uleule na kaka yake John. 1925 wajane hao wawili waliuza kampuni kwa dola milioni 146. Anna aliolewa na Hugh Dillman 1926. Sasa tazameni: chesisi ni ya 1925, na mwaka huo hakukuwa na mtu duniani aitwaye Bi. Hugh Dillman.

Kuna njia mbili tu. Ama oda iliandikwa baada ya ndoa, chesisi ikiwa tayari imeshatengenezwa na inasubiri mnunuzi. Ama jina liliwekwa baadaye na mtu aliyemjua mama huyo kwa jina la mume wa pili, na huyo mtu hakuwa na kitabu cha oda mbele yake. Ikiwa ni hii ya pili, basi sura ya kwanza kabisa ya historia ya gari imeandikwa kwa kumbukumbu za mdomo. Na kama ya kwanza ni ya mdomo, nani atatuapia kwamba zilizofuata si za mdomo?

#12 KarakanaKuu
Hapo umenibana. Huwa naisoma kila mahali vilevile, neno kwa neno.

#13 MsomiWaMvita
Na mimi naomba niguse Nanpara. Watu wakisikia Raja wanawaza Hyderabad au Mysore, majumba na misafara. Nanpara ilikuwa milki ya mwenye ardhi mkubwa wa Awadh, upande wa Bahraich, karibu na mpaka wa Nepal. Walikuwa matajiri na cheo cha raja walikuwa nacho, lakini haikuwa dola yenye hazina ya dola. Mtu wa kiwango hicho akinunua Rolls-Royce ambayo mteja wa kwanza ameikataa, inaingia akilini. Akiiuza mambo yanapobadilika, inaingia akilini pia. Kwa hiyo gari kurudi Ulaya na kuuzwa kwa bei ya kawaida si ajabu, na hilo linamsaidia mwenye uzi.

#14 MtotoWaLubumbashi
Nawasalimu kutoka Katanga.

Mnazungumza India na Uingereza, Ubelgiji mnaupita. 1934 nani Ubelgiji alikuwa na pesa ya kuchezea hivyo? Mimi naona shaba yetu hapa. Mtu wa migodi, mwenye hisa za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya shaba ya Katanga, karudi nyumbani, anataka jirani zake wajue amerudi. Mtu wa namna hiyo hataki gari la kawaida, na hajali chesisi ni ya mwaka gani, maana jirani anaona bodi.

#15 MzeeWaReli
MtotoWaLubumbashi, karibu sana. Ila angalia mwaka. Mdororo wa uchumi uliotokea 1929 uliangusha bei ya shaba vibaya, na Union Minière ilipunguza wafanyakazi kwa maelfu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wenye hisa hawakuwa wanasherehekea.

#16 MtotoWaLubumbashi
Waliopunguzwa ni wafanyakazi, Mzee. Wenye hisa hawakulala njaa hata siku moja. Babu zetu ndio walirudishwa vijijini kwa miguu.

#17 MwanaGerezani
Hapo kweli.

Nirudi kwenye duara. Mlango wa basi ukipasuka, unapasukia wapi? Kwenye kona ya juu ya uwazi. Gari likipita shimo, bodi inajipinda, na uwazi wa mstatili unataka kugeuka msambamba. Nguvu zote zinakutana konani. Tunaweka bati la pembetatu kuzuia, na baada ya muda ufa unaanza pembeni ya bati letu. Uwazi wa duara hauna kona. Phantom ina fremu ndefu, na bodi ile ni nzito. Mtu aliyezoea kuunda mabasi, na Jonckheere ni watu wa mabasi hadi leo wakiwa chini ya VDL ya Uholanzi, anajua ufa unaanzia wapi. Nasema duara ni hesabu ya fundi wa basi.

#18 FundiNdege
MwanaGerezani umenigusa kwenye kazi yangu. Ndege za Comet zilipovunjika angani mwaka 1954, uchunguzi wa Waingereza ulikuta nyufa zimeanzia pembezoni mwa matundu ya madirisha. Tangu hapo kila mwanafunzi wa ndege anafundishwa kuhusu kona.

Lakini Comet iliuawa na mgandamizo wa hewa ndani ya bodi, unapanda na kushuka kila safari. Rolls-Royce ya mbao na bati haina mgandamizo wowote, na bodi yake haibebi gari: fremu ya chuma chini ndiyo inabeba. Pia hesabu hiyo ingekuwa ya kwao, wangeitumia kwenye mabasi yao yote. Milango ya mabasi yao ni mistatili kama ya kila mtu.

#19 BintiSeremala
FundiNdege kamaliza. Naongeza upande wa seremala, kwa sababu mlango wa duara unamtesa seremala kuliko mpiga bati.

Bawaba mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo mlango haugeuki, unakwama. Kwenye mlango wa kawaida mstari huo ni ukingo wenyewe wa mlango, una urefu wa kutosha, unaweka bawaba moja juu na moja chini mbali na mwenzake. Kwenye duara ukingo unakimbia. Ukiziweka karibu-karibu katikati, mlango mkubwa namna ile utashuka kwa uzito wake. Ukizitenganisha, ukingo umeshajikunja mbali na mstari, kwa hiyo lazima bawaba zitoke nje kwa mikono mirefu au ziingie ndani sana. Vyovyote vile, nguzo inayobeba mlango inatakiwa kuwa nene na imefungwa kwenye sakafu kwa nguvu. Na fremu ya duara huipati kwa kupinda kipande kimoja. Unakata vipande vya tao, unaviunganisha kwa vinasa, kila ungio ukikwepa kukaa sambamba na la upande wa pili.

Hii si kazi ya mtu aliyetafuta urahisi wala uimara. Ni ya mtu aliyetaka duara, akalipia kila saa ya duara. Na kama alilipa, basi alikuwepo mlipaji. KarakanaKuu, karakana inayojitangaza inafanya kitu kinachoweza kurudiwa kwa mteja wa pili. Rolls-Royce nyingine ya namna hii kutoka kwao iko wapi?

#20 KarakanaKuu
Swali zuri na sina Rolls ya pili ya kukuonyesha. Lakini tangazo linaweza kufeli. Watu wakashangaa, wakapiga makofi, hakuna aliyeagiza. 1934 hiyo.

#21 NduguBampa
Mimi naona mnaacha jibu jepesi. Upepo. Gari linaitwa la kukata upepo, duara linakata upepo, basi.

#22 FundiNdege
NduguBampa, upepo haujui umbo la mlango uliofungwa. Mlango ukikaa sawasawa na bati, uwe duara uwe mraba, hewa inapita.

Ila umenipa nafasi. Kadiri mwendo unavyoongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda mara nane. Hilo lilikuwa linajulikana, na mhandisi Paul Jaray alikuwa ameshaonyesha kwa muda mrefu gari linatakiwa kuwaje. Mwaka huohuo wa 1934 zilitoka Tatra 77 ya Chekoslovakia na Chrysler Airflow ya Marekani. Tatra 77 ilikuwa na pezi mgongoni! Kwa hiyo pezi la Jonckheere halikuanguka kutoka mbinguni. Lakini Tatra ilianza na pua ya mviringo, injini iko nyuma. Hii Rolls bado ina rejeta pana mbele. Kuilaza nyuma kidogo kunabadilisha sura kuliko kunavyobadilisha hewa. Ni gari lililovaa mtindo wa upepo, na limeuvaa vizuri sana.

#23 MbongoWaCalifornia
Habari zenu. Nimeliona hili gari kwa macho. Picha haziwezi kukueleza ukubwa wake. Unasimama kwenye tairi la mbele, unageuza kichwa kutafuta mwisho wa gari. Na ile rangi nyeusi ni ushujaa wa mkarabati, maana nyeusi inaumbua. Bati likiwa na wimbi dogo, taa za ukumbi zinajipinda juu yake. Nilitembea upande mzima nikifuata mstari wa taa kwenye ubavu, haukuvunjika popote.

#24 MwanaGerezani
Nyeusi siku zote. Mteja akitaka nyeusi bei inapanda, maana hakuna puti la kuficha uvivu.

#25 SonaraWaDarajani
Assalaam alaykum. Mimi nilisubiri mfike kwenye dhahabu, naona mmeipita haraka.

Inasimuliwa kwamba lilipakwa dhahabu ya karati 24, pauni 6, yaani kama kilo 2.7. Nina shaka. Karatasi ya dhahabu ya kupamba ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya mikroni. Dhahabu kilo moja ukiigonga mpaka unene huo unafunika eneo kubwa mno. DadaMahesabu nisaidie.

#26 DadaMahesabu
Wa alaykum salaam. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Kilo 2.7 ni sentimita za ujazo 140. Kwa unene uliosema inafunika mita za mraba 1,400. Tukilipa gari mita za mraba 30, tena kwa ukarimu, linahitaji gramu 58 tu. Kwa hiyo kama ni karatasi, kilo 2.7 haiwezekani, labda wamelipaka takriban mara 47.

Lakini kama ni unga uliochanganywa ndani ya rangi, inawezekana kabisa. Dhahabu yote hiyo ikisambazwa kwenye mita 30 ni mikroni 4 na zaidi kidogo, na tabaka la rangi ya gari ni makumi ya mikroni. Yaani rangi ingekuwa na unga mwingi, lakini bado ni rangi.

Na bei? Wakati ule dhahabu ilikuwa dola 35 kwa aunsi. Kilo 2.7 ni aunsi 87 na nusu, takriban dola 3,060. Kwa mtu anayetoza watu kutazama, hiyo ni gharama inayorudi.

#27 MsomiWaMvita
Ongezeni na hili: tangu 1933 hadi mwisho wa 1974 raia wa Marekani hakuruhusiwa kuweka dhahabu ya vipande. Ya vito na ya kazi za ufundi ilikuwa na ruhusa zake. Gari la kupakwa lingeweza kuingia huko. Ila kutangaza pauni 6 hadharani katika nchi hiyo, miaka hiyo, ama una kibali ama unajua hakuna atakayekuja kuikwangua na kuipima.

#28 SonaraWaDarajani
Kilichokwanguliwa kilikwenda wapi wakati wa ukarabati? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi 😄

#29 Pwani254
Mimi nauliza kwa nia njema. Dhahabu ilikuwa sehemu ya maisha ya gari. Kwa nini waliiondoa? Tuna 1934 tu, au na yaliyofuata pia? Picha za Cannes ni za nyeusi na nyeupe. Aliyesema rangi ya kwanza ilikuwa nyeusi aliionea wapi?

#30 WambuiShowroom
Pwani254, swali lako ni zuri na watu wa magari ya kale wanaligombania kila mwaka. Pale Pebble Beach, California, kuna daraja la magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, kwa sababu hiyohiyo unayosema.

Hapa Nairobi tuna Concours d'Elegance yetu, yaani mashindano ya umaridadi wa magari, tangu 1970, siku hizi Ngong Racecourse, inaandaliwa na Alfa Romeo Owners Club. Ukienda utaona majaji wanachungulia chini ya gari, wanafungua boneti, wanakagua viti. Wanahukumu hali na usafi. Yale ya Ufaransa ya miaka ya 1930 yalikuwa kitu kingine: gari jipya lilipitishwa mbele ya watu na bibi aliyevalia nguo ya mshonaji mkubwa, na umaridadi wa vyote viwili ulitazamwa pamoja. Kwa hiyo ushindi wa 1936 unatuambia gari lilipendeza siku ile. Hautuambii lilikuwa na rangi gani, wala limeundwa vizuri kiasi gani kwa ndani.

Baba yangu aliwahi kukarabati gari la zamani kwa mapenzi, akapeleka viti kwa karakana moja, wakang'oa ngozi ya asili iliyopasuka kidogo na kuweka mpya inayong'aa. Aliumia mpaka leo. Kitu kinabaki cha asili mara moja tu. Lakini kwa hii Rolls nawaunga mkono Petersen. Dhahabu ilipakwa ili kuuza tiketi, na ilikuwa inaficha mistari ya wale mafundi.

#31 Pwani254
Nimekuelewa, sijakubali. Tiketi nazo ni historia.

#32 MzeeWaUnguja
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mmenikumbusha gari za mbao za kwetu. Lori linafika, seremala wa kijiji analivisha bodi ya mbao, paa, mabenchi pande zote mbili, nakshi pembeni, jina limeandikwa kwa rangi. Kila seremala ulimjua kwa mkono wake. Ukiliona gari mbali ulisema hili la fulani, bila kusoma chochote. Zikachakaa, nyingi zikavunjwa kuni. Hakuna aliyezipiga picha kwa utaratibu.

#33 NduguBampa
Na Dar kulikuwa na chai maharage, abiria mnakaa mnatazamana mpaka Kariakoo.

#34 MwanaGerezani
Mzee wa Unguja umesema jambo zito. Angalieni uzi huu. Tumemtaja Bi. Dillman, Raja, mfalme, mwenye dhahabu, na mmiliki wa Japani. Kila aliyewahi kulipia gari, au kusingiziwa kulilipia, ana mstari wake. Aliyegonga lile bati kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga hana hata herufi. Aliyekata matao ya mlango aliyoeleza BintiSeremala hana. Wanasema moto uliteketeza kumbukumbu, sawa. Lakini moto haukuteketeza majina ya matajiri, kwa sababu hayo yaliandikwa na kusimuliwa kila mahali. Ya mafundi yaliandikwa pale tu, kwenye daftari la mishahara. Karakana ilianza 1881 ikiunda mabehewa ya farasi, kwa hiyo 1934 kulikuwa na watu pale waliofundishwa na baba zao.

Mimi kwenye kila basi ninaloliunda naandika majina ya vijana wote chini ya bati la dari kabla sijalifunga. Tajiri hajui.

#35 BintiSeremala
Kaka, hilo nalianza wiki hii.

Na linaweza kuwa na faida hapa. Maseremala wengi huacha alama za penseli au za tindo kwenye maungio, ili kipande cha kulia kisiende kushoto. Petersen walipolifungua walishika fremu mikononi. Kama kulikuwa na alama, waliziona. Na swali langu la bawaba linajibika leoleo bila nyaraka yoyote. MbongoWaCalifornia, ukipita tena, nipigie picha ukingo wa mlango upande wa bawaba, kutoka chini kwenda juu. Nataka kuona zinatoka nje au zimezama, na nguzo ina unene gani.

#36 MbongoWaCalifornia
Kamba hairuhusu kusogea, lakini nina lenzi ndefu. Nitakwenda Jumamosi. Mlango ukiwa umefungwa utaona bawaba kwa nje tu, nguzo itakuwa kazi.

#37 BintiSeremala
Kwa nje inatosha kuanzia. Piga na upande wa pili, nione kama zimepangwa sawa kulia na kushoto. Zikitofautiana hata kidogo, milango ilitoshelezwa mmoja mmoja kwa mkono, bila kiolezo.

#38 KarakanaKuu
Na mimi naomba ya showi kwa ubavu, nipime imelala digrii ngapi.

#39 NduguBampa
Na picha moja ya gari zima jamani, nimeomba tangu #2.